Kumi na Moja Asiowajua Mpwa Wangu

Mpwa wangu ana miaka 19 na anajua bei ya kila mchezaji aliyenunuliwa kwenye mnada wa ligi ya India, mpaka wale wanaokaa benchi msimu mzima. Muulize habari ya mechi ya juzi, atakueleza nani alirusha ova ya mwisho, yaani ile mipira sita ya kufungia, na mpira wa ngapi ulimponyoka mkononi. Kwa hiyo nilipotaka kupima nani amesahauliwa katika kriketi na nani bado anakumbukwa, sikutafuta mizani nyingine. Nilimtumia jina moja kwa WhatsApp, bila hata salamu: Subhash Gupte.

Akajibu: "Nani huyo, mjomba?"

Nikaliandika jina daftarini. Amepita.

Mchezo wenyewe, wa kuchagua kikosi cha kumi na moja waliosahauliwa, ni mkongwe kuliko yeye. Niliufundishwa miaka ya 80, nilipokuwa mtoto wa kutundika namba kwenye ubao wa alama, kiwanja kimoja hapa Mombasa. Sikuwa mwanachama wala mtoto wa mwanachama. Mamangu alikuwa akiuza mahamri nje ya geti, mimi nikaingia ndani kidogo kidogo kama paka, mpaka siku moja wakanikuta nina kazi. Namba zilikuwa za bati, zimetobolewa juu, unazitundika kwenye misumari. Ukichelewa kubadilisha, wazee wa barazani wanakupigia kelele. Ukikosea kabisa, skoa mwenyewe, yule anayeandika alama kitabuni, anainuka.

Skoa alikuwa mzee wa Kihindi, mstaafu wa reli, na mbele yake penseli tatu: nyeusi ya mikimbio, yaani alama, nyekundu ya wiketi, yaani kila mpigaji anapotolewa, na ya buluu ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya nini. Malipo yangu yalikuwa soda moja na sambusa mbili. Lakini siku ya mvua nilipata zaidi, maana mechi ikisimama mzee alikuwa akifungua mdomo.

"Haya, kijana," ananiambia, mabati yanalia juu yetu, "nipe kumi na moja wa Testi. Usinitajie Bradman, usinitajie Sobers. Hao hawana haja na wewe."

Kwa wasiofuatilia: Bradman na Sobers ni miongoni mwa wakubwa kabisa wa kriketi, na Testi ndiyo kriketi ndefu, siku tano, kila upande zamu mbili za kupiga, na hadhi ya kuicheza wanapewa nchi chache tu. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya mchezo wetu huniuma kila mara. Mtu awe amecheza walau Testi moja, na hapo Steve Tikolo wa kwetu Kenya yuko nje. Kenya tulifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, na mwaka 1996 kule Pune tuliwatoa West Indies, timu ya visiwa vya Karibi, wote kwa mikimbio 93, lakini hadhi ya Testi hatukuipata. Sheria ya pili, kila nchi isizidishe wawili. Ya tatu nimeiongeza mwenyewe majuzi: mpwa wangu asimjue.

Kazi yangu ni ya kutoa mizigo bandarini, na anayeijua kazi hiyo anajua kwamba nusu yake ni kungoja. Unangoja karatasi, unangoja muhuri, unangoja mtu aliyekwenda kula. Kikosi hiki nilikiandika nyuma ya nakala za hati zilizoharibika, katika wiki mbili za kungoja hivyo.

Nirudi kwa Gupte, maana ndiye mtu wa kwanza niliyewahi kumchagua na sijamtoa tangu hapo. Alikuwa mrushaji wa India wa mpira wa kuzungusha kwa kifundo, ule unaotua mbele ya mpigaji kisha ukamkimbia. Alikuwa na gugli za aina mbili, yaani mpira unaoonekana utakwenda kulia halafu ukaenda kushoto, na mpigaji hata akishaisoma moja, ya pili inamnasa. Testi 36, wiketi 149. Mwaka 1958 kule Kanpur aliwaangusha West Indies tisa katika zamu moja kwa mikimbio 102. Sobers, ambaye alikuwa upande ule wa pili siku zile, alikuja kumtaja kuwa ndiye mrushaji bora wa aina ile aliyemwona, na Sobers ameishi kuwaona walionifuata mimi duniani.

Sasa sikiliza alivyomalizika. Mwaka 1961, Testi ya Delhi dhidi ya Uingereza, Gupte alipangiwa chumba kimoja hotelini na mwenzake, Kripal Singh. Yule mwenzake akachukua simu ya chumbani, akampigia mfanyakazi wa mapokezi, msichana, akamwomba wakutane wanywe kitu akitoka kazini. Msichana akashtaki. Wakubwa wa kriketi wakawasimamisha wote wawili. Gupte alipoulizwa kwa nini hakumzuia mwenzake, alijitetea kwamba yule ni mtu mzima, angemzuiaje. Haikumsaidia. Safari ya West Indies iliyofuata hakuchukuliwa, na Testi hakucheza tena. Miaka 32, umri ambao mrushaji wa namna yake ndiyo kwanza anaanza kuiva. Alihamia Trinidad, kwao mkewe, na huko ndiko alikofia mwaka 2002.

Mzee aliponisimulia haya mara ya kwanza nilimuuliza simu ilikuwa ya nani. Akaniambia, "Ya chumba." Akarudia, "Ya chumba, kijana," kama mtu anayesoma hukumu.

Wafunguzi, wale wawili wanaoingia kupiga kwanza, ndio walionitoa jasho. Mmoja ni rahisi: Bruce Mitchell wa Afrika Kusini. Tangu alipoitwa mara ya kwanza mwaka 1929 mpaka alipomaliza 1949, nchi yake ilicheza Testi 42 na yeye alizicheza zote 42, hata vita ilipokata katikati. Wastani wake, yaani mikimbio kwa kila anapotolewa, ni 48.88. Alipata 164 bila kutolewa pale uwanja wa Lord's, London, mwaka 1935, na hiyo ndiyo mechi ya kwanza Afrika Kusini kushinda Testi kwenye ardhi ya Uingereza. Mwaka 1947 pale Oval, uwanja mwingine wa London, alipata 120 zamu ya kwanza na 189 bila kutolewa zamu ya pili. Ukiitaja Afrika Kusini leo watu wanakutajia Pollock na Kallis. Mitchell alikuwa mtu mkimya anayepiga kimya kimya, na kriketi haina kumbukumbu nzuri ya watu wa hivyo.

Wa pili? Nilikuwa na wanne wamepanga foleni. Sidath Wettimuny, mtu wa kwanza kuifungia Sri Lanka senchuri, yaani mikimbio mia, ya Testi, na aliyesimama zaidi ya saa kumi pale Lord's mwaka 1984 kwa mikimbio 190. Rodney Redmond wa Nyuzilandi, aliyecheza Testi moja tu mwaka 1973, akapiga 107 na 56, kisha akasumbuliwa na lenzi za machoni na kutoweka. Stewie Dempster, wa Nyuzilandi vilevile, Testi 10, wastani 65.72. Na Andy Ganteaume.

Ganteaume, bwana wee. Port of Spain, 1948, anaitwa kuichezea West Indies nyumbani kwao Trinidad dhidi ya Uingereza. Anapiga 112. Akiwa katikati ya kiwanja nahodha anatuma kijikaratasi: kazeni mwendo. Testi iliyofuata hayumo, na hakuwemo tena maishani. Kwa hiyo wastani wake umebaki 112 kamili, na wa Bradman ni 99.94. Nilimpenda Ganteaume tangu utotoni kwa sababu nilidhani mimi peke yangu namjua. Mzee hakumkubali. Alisema mtu aliyekula sahani moja ya pilau hawezi kuitwa mlaji, hata kama aliimaliza. Tulibishana juu ya hilo mvua tatu.

Safari hii niliamua kumpa nafasi, mzee hayuko wa kunizuia. Nikatuma jina kwa mpwa. Nitakwambia alijibu nini, ngoja kwanza.

Namba tatu nimependelea, na sioni haya. Qasim Omar alizaliwa Nairobi mwaka 1957 na akaichezea Pakistan Testi 26. Katika hizo alipata senchuri tatu, na mbili kati yake zilipita mia mbili, zote Faisalabad: 210 dhidi ya India, kisha mwaka 1985 akapiga 206 dhidi ya Sri Lanka huku Javed Miandad akiwa na 203 upande wa pili. Wawili hao waliongeza 397. Kisha mwaka 1986 kazi ikakatika, tena kwa kelele nyingi. Wastani wake wa 36.63 hautoshi kwa namba tatu, najua. Lakini kila nikimweka Seymour Nurse pale, mtu aliyepiga 258 katika Testi yake ya mwisho, mkono unarudi kumfuta. Wapo wengine waliozaliwa Nairobi. Derek Pringle naye kazaliwa hapo, akaichezea Uingereza Testi 30, na babake aliichezea Afrika Mashariki kwenye Kombe la Dunia la 1975. Ila Pringle hakuwahi kupata 200 mara mbili.

Wanaofuata, namba nne na tano, nawaita majeruhi.

Eddie Paynter alikuwa Mwingereza wa Lancashire, mfupi, wa mkono wa kushoto, na ncha za vidole viwili zilikatika kwenye kiwanda cha matofali alipokuwa kijana. Mwaka 1933 alikuwa Brisbane na timu ya Uingereza, ile safari ambayo Waingereza walikuwa wakirusha mpira kuulenga mwili wa mtu na siyo vijiti, mpaka nchi mbili zikakaribia kununiana. Paynter hakuwa mmoja wa warushaji. Paynter alikuwa hospitali, ana mafindofindo na homa. Aliposikia wenzake wanaanguka, alitoka kitandani, akapanda teksi na nguo zake za kulalia, akafika uwanjani, akavaa, akaingia. Jioni akarudi kulala wodini. Asubuhi akarudi uwanjani. Alitolewa akiwa na 83. Na mechi ilipofika mwisho, ni yeye tena aliyeupiga mpira ukapita mpaka bila kugusa chini, sita, Uingereza ikachukua mechi na mfululizo wote.

Ukisimulia habari ya 1933, utasikia nahodha Jardine, utasikia mrushaji wake Larwood. Wastani wa Paynter katika Testi zake 20 ni 59.23. Waingereza wenye zaidi ya huo unawahesabu kwa vidole, hata kwa vile vya Paynter.

Thilan Samaraweera mpwa wangu ilitakiwa amjue, maana si mtu wa zamani. Hakumjua. Simlaumu: Samaraweera alicheza miaka ambayo Sri Lanka ilikuwa na Sangakkara na Jayawardene, na wewe jaribu kuwasha taa mbele ya jua mbili. Aliingia timu kama mrushaji, akapiga senchuri mechi yake ya kwanza, akageuka mpigaji. Februari 2009 kule Karachi alipiga 231. Mechi iliyofuata, Lahore, akapiga 214. Asubuhi ya tarehe 3 Machi basi lao lilikuwa njiani kwenda uwanjani siku ya tatu ya mechi ile, likamiminiwa risasi. Moja ilimwingia Samaraweera pajani.

Julai alikuwa amerudi uwanjani. Agosti, Nyuzilandi walipokuja, alipiga 159 Galle na 143 Colombo. Mimi niliwahi kuanguka na pikipiki hapa Changamwe, nikachubuka goti tu, na mwezi mzima nilikuwa nashuka ngazi kwa mkono ukutani. Testi 81, wastani 48.76. Sina la kuongeza kwa huyu.

Aubrey Faulkner wa Afrika Kusini, namba sita, nitampitisha haraka kwa sababu hana ubishi: kupiga wastani 40.79, kurusha 26.58 (mikimbio kwa kila wiketi, na hapa ndogo ndiyo nzuri), na hesabu hizo mbili pamoja ni wachache sana waliozifikia. Mikimbio 732 katika Testi tano za Australia msimu wa 1910 na 1911. Vita Kuu ya kwanza ilimrudisha na malaria mwilini, na bado mwaka 1921, na miaka karibu 40, akawapiga 153 Waaustralia ambao msimu ule hawakuwa wamefungwa na mtu. Kisha akafungua shule ya kriketi London, ndani ya gereji.

Kwa mlinda wiketi, yule anayekaa nyuma ya vijiti kudaka, moyo wangu ulitaka Tatenda Taibu, kijana wa Highfield, Harare, aliyepewa unahodha wa Zimbabwe akiwa na miaka 20 na kuubeba wakati wakubwa wote wameondoka. Lakini mzee alinifundisha kwamba kipa huchaguliwa kwa mikono, na mikono ni ya Jack Russell. Uingereza walikuwa wakimtoa kila mara ili wamweke Alec Stewart, ambaye alipiga vizuri zaidi. Johannesburg, mwishoni mwa 1995, Russell alidaka 11 katika mechi moja, na hakuna mlinda wiketi wa Testi aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Kisha siku ya mwisho, mechi imekwisha wanaona wote, akasimama na Atherton saa nne na zaidi kwa mikimbio 29. Ishirini na tisa! Uingereza haikufungwa.

Lakini kilichonivuta kwa Russell ni tumbo. Mchana, kwenye chumba cha wachezaji, alikula Weetabix zilizolowekwa kwenye maziwa kwa dakika alizozipima kwa saa, kila siku, nchi yoyote. Na husemwa kwamba alikuwa akitumia mfuko mmoja wa chai mechi nzima, anautundika ukauke, kesho anauchovya tena. Hapo nilisimama kidogo nikafikiri kumtoa. Mtu wa pwani hawezi kuliangalia jambo kama hilo kwa utulivu. Hiyo si chai, hayo ni maji yaliyosikia habari za chai.

Sasa warushaji. Mpira mpya nampa Fazal Mahmood, na unahodha pia nampa yeye. Alikuwa ofisa wa polisi. Mwaka 1947 alikuwa amechaguliwa kwenda Australia na timu ya India, nchi ikagawanywa, yeye akabaki Lahore na safari ikaenda bila yeye. Kwa hiyo alingoja mpaka Pakistan ipewe Testi zake, mwaka 1952. Miaka miwili tu baadaye, pale Oval, aliwachukua Waingereza wiketi 12 kwa mikimbio 99, Pakistan ikashinda kwa mikimbio 24 katika safari yake ya kwanza kabisa kule.

Ninachompendea zaidi ni mkeka. Siku zile viwanja vingi vya Pakistan havikuwa na nyasi pale katikati, walitandika mkeka juu ya udongo na kuukaza kwa misumari. Sisi huku tunaujua mkeka. Nimeutandika mwenyewe, ule wa makumbi ya nazi, unaokwaruza viganja na kunuka kamba mbichi ukipata umande. Ukiukaza sana mpira unaruka, ukiulegeza unakata. Mzee alikuwa akinituma niukanyage nikiwa pekupeku ili ajue nani ataumia leo. Fazal alikuwa akiukata mpira kwa vidole juu ya ufumaji wa mkeka, hazungushi kama spina, anaukata, ukitua unageuka ghafla kama ng'ombe aliyechomwa na mwiba. Australia walipokuja Karachi mwaka 1956 aliwachukua 13. Ndiyo maana kuna watu walimwita mrushaji wa mikeka tu. Waliosema hivyo hawakuitazama Oval, ambako hapakuwa na mkeka.

Upande wa pili ni Colin Croft wa West Indies, na huyu nimemwandika na kumfuta mara nne. Kila mtu anawataja Roberts, Holding na Garner, kisha Marshall. Croft alikuwa katikati yao, Testi 27, wiketi 125 kwa wastani wa 23.30, na katika Testi yake ya pili tu aliwachukua Pakistan wanane kwa mikimbio 29. Alirusha kutoka pembeni kabisa mwa mstari, mpira ukija kama unatoka dirisha la nyumba ya jirani.

Shida ni mwaka 1983. Croft alikuwa mmoja wa wale waliochukua pesa kwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi, na huko kwenyewe, mchana wa siku moja, alikaa kwenye behewa la treni la Wazungu akaondolewa. West Indies waliwafungia wote maisha, ingawa kifungo kilikuja kuondolewa. Mzee angemkataa. Mimi nimemweka, kwa sababu sheria zetu tatu hazisemi kitu juu ya hilo na sikutaka kuandika ya nne kwa ajili ya mtu mmoja. Lakini sijalala vizuri juu yake, na yeyote atakayeniambia nimekosea sitabishana naye sana.

Namba kumi ni Gupte.

Namba kumi na moja ni Bert Ironmonger wa Australia, na kama mngenipokonya kikosi chote mkaniachia mmoja, ningemchukua yeye. Alianza Testi akiwa na miaka 46. Umesoma sawa. Ilikuwa Brisbane, 1928, na katika mechi hiyohiyo kijana mmoja aitwaye Bradman naye alikuwa akianza. Ironmonger alikuwa wa mkono wa kushoto, na kidole cha shahada cha mkono huo kilikuwa kimekatwa na mashine ya shambani ya kukata majani ya mifugo. Akajifunza kuuzungushia mpira kwenye kile kigutu. Testi 14, wiketi 74, wastani 17.97. Kwenda Uingereza hawakumchukua hata mara moja.

Februari 1932, Melbourne, mvua imenyesha na kiwanja kimekuwa uji. Afrika Kusini wanatolewa kwa 36, halafu kwa 45. Ironmonger anachukua watano kwa mikimbio 6, kisha sita kwa 18. Jumla 11 kwa 24, na muda wote wa mchezo haukufika saa sita. Nilipokuwa nikiandika kikosi hiki ndipo niliposhtuka: Bruce Mitchell, mfunguzi wangu, alikuwemo upande ule wa pili siku ile, kwa sababu Mitchell hakuwahi kukosa. Yaani namba moja yangu na namba kumi na moja yangu walikwisha kukutana kwenye tope la Melbourne. Nimewaweka mwanzo na mwisho wa orodha, wasikae pamoja chakulani.

Kupiga Ironmonger hakujua kabisa. Wastani wake wa Testi ni 2.62. Kuna kichekesho cha zamani kwamba mkewe alipiga simu uwanjani wakamwambia mumewe ndiyo kwanza anaingia kupiga, akasema, "Basi nitangoja kwenye simu." Mzee alinisimulia hicho kabla ya kunitajia jina la mtu, na kila Jumamosi mpigaji wa mwisho wa timu yetu alipokuwa akishuka ngazi na gongo lake, mzee aliinua mkono sikioni kama ameshika simu. Mimi nilikuwa natakiwa nisicheke, niko juu ya ngazi na namba mikononi.

Haya, jibu la mpwa. Kwa wote kumi aliuliza "nani?", na kwa Ironmonger akauliza kama hilo ni jina la mtu au la duka. Kwa Ganteaume alijibu ndani ya sekunde tano: "Huyo namjua! Wastani 112, kampita Bradman. Yuko kwenye kila video ya maswali."

Nilikaa na simu mkononi. Ganteaume amekuwa maarufu kwa kusahauliwa. Mzee alimkataa kwa sababu yake, na mpwa amemtoa kwa sababu nyingine, na katikati mimi niliyempenda sina kura. Nikatuma jina la Dempster. "Nani?" Basi Dempster atafungua na Mitchell. Si kwamba ni nafasi ya huruma: mwaka 1930 kule Wellington ndiye aliyepata senchuri ya kwanza ya Testi kwa nchi yake, akiongeza 276 na mwenzake Mills kabla wiketi ya kwanza haijaanguka.

Wamebaki watu wa Zimbabwe, ambao nimewanyima nafasi kabisa na najua nitasikia. Mchezaji wa kumi na mbili basi atoke kwao. Kazi yake ni kupeleka maji uwanjani, kubadilisha glavu za watu, na kungoja mtu avunjike. Nimemchukua John Traicos. Alizaliwa Misri, akaichezea Afrika Kusini Testi tatu mwaka 1970, kisha dunia ikaifungia nchi ile mlango. Testi yake ya nne aliicheza Harare, Oktoba 1992, Testi ya kwanza kabisa ya Zimbabwe, akiwa na miaka 45. Katikati yake ni miaka 22 na siku 222. Aliporudi aliwachukua India watano, na mmoja wao ni Tendulkar, aliyemrudishia mpira mkononi bila kupata hata mkimbio mmoja.

Jina lake nimeshamtumia mpwa. Bado hajajibu, ana mtihani.